Mashini ya Wazi ya Ézéchiel Uyirwoth

Ndugu na majirani, pamoja na ninyi mliokuja kumwuliza marehemu habari za watoto wenu mkakuta amelala, familia inawasomea maisha ya Ézéchiel Uyirwoth kadiri ilivyoyaelewa, na mahali pengi haikuelewa.

Alizaliwa Mahagi tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hukohuko, akapata diploma hapa Bunia mwaka 1981, akawa mpiga taipu hadi ofisi yake ilipofungwa, kisha akaanzisha sekretariati, kibanda chake mwenyewe cha kupiga taipu, mwaka 1998. Tarehe 9 Agosti 1986 alimwoa Bibiane, wakazaa Elysée, Glodie na Osée, na katika ndoa hiyo Bibiane alielewa yote isipokuwa mashini.

Vita vilipotawanya watu, kamati ya parokia ilimwomba aandike orodha ya watoto waliopotezana na wazazi, na nyumba wanamofichwa, naye akaiweka katika ordinateri, ile kompyuta yake yenye programu za wazi, neno likaleta fujo, kwani Mama Pétronille, rais wa kamati, alisimama akamwuliza kama iko na akili, mutu gani anaficha watoto mu nyumba haina mulango? Marehemu alieleza kwamba kilicho wazi ni namna kufuli ilivyotengenezwa, kila fundi anaweza kuikagua, ila ufunguo unabaki kwa mwenye nyumba, lakini ile mashini ya kufungwa ambayo kamati ilizawadiwa, hata fundi anakatazwa kutazama ndani. Bibiane alipiga makofi, akarudi nyumbani bila kuelewa.

Tarehe 12 Mei 2003 watu wenye silaha walichukua mashini zote mbili pamoja na Ézéchiel, fundi wao akaifungua ile ya kamati kwa mlango wa nyuma ambao hapa Bunia hakuna aliyejua kwamba upo, barua zote zikatoka, Mama Pétronille akakimbilia Boga, na marehemu alipoulizwa juu ya yake, alijibu kwamba iko wazi, wasome wenyewe, wakasoma mistari ya programu toka asubuhi hadi saa sita pasipo kukuta jina hata la kuku, wakasema imeharibika, wakaitupa uani.

Walimwachia baada ya siku sita, kifua kimeharibika kwa kulala juu ya simenti yenye maji, akalazwa, akawa anarudia sentensi moja, Bibiane anakatalaka kupika sombe siku ya tatu, na Bibiane, ambaye hajakataa sombe maisha yake yote, aligombana na mgonjwa siku nne mfululizo, mpaka alipofariki tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, akiambiwa, weye Ézéchiel, unanisingizia.

Jana Glodie alitambua kwamba sentensi ile ndiyo ufunguo wa mashini, akauandika kwa Kiswahili cha shuleni, mashini ikakataa, hadi mama yake alipomsukuma pembeni, akaandika kama walivyosemaka nyumbani, kwa kidole kimoja, akilia na kumtukana mumewe, ikafunguka, orodha ikatokea, watoto mia mbili na kumi na watatu. Msihangaike kuukariri, umebadilishwa leo asubuhi.

Familia inawashukuru waganga waliovumilia ugomvi ule, majirani waliookota mashini, na wapiga taipu wenzake waliobeba jeneza. Tukitoka kaburini, kila mzazi ataingia kwa Bibiane peke yake, ataambiwa habari za mtoto wake tu, si za mwingine.

Pumzika kwa amani, Ézéchiel, wazazi wamekwisha kupanga mstari.