Dada Anastasie na Umbali wa Bruseli

Dada yetu Anastasie Cikuru alizaliwa tarehe 14 Agosti 1914 karibu na Uvira, mtoto wa tatu wa katekista. Ninayewasomea ni mdogo wake, Mulamba. Mnisamehe nikisoma kwa hasira. Sikuweza kuiacha nyumbani.

Alisoma misheni miaka mitatu, akajua kusoma Biblia na kushona. Mwaka 1933 aliolewa na Lukeba, mvuvi, wakavuka ziwa na kujenga hapa Rumonge. Walijaliwa Bahizire, kisha Esperance. Lukeba alizama mwaka 1951, na Dada akawalea wanawe kwa kuanika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Septemba 1962, Uhuru ukiwa bado mchanga, Bahizire alipata bursi ya masomo akapanda ndege kwenda Bruseli. Dada alimwendea padri kuuliza ni mbali kiasi gani. Padri akanyoosha uzi juu ya ramani, akamwambia kwa ndege ni kilomita elfu sita na mia tano hivi. Alirudi nazo akitembea kama mtu aliyepewa nishani. Miaka ikapita Bahizire asije. Tulipomnung'unikia, Dada alituuliza tangu lini sisi tumevuka kilomita elfu sita.

Desemba iliyopita jirani yetu Asiya alipeleka samaki Bujumbura, kilomita sabini na tano kutoka hapa, akamkuta Bahizire huko. Alikuwa amekuja kwenye harusi ya rafiki yake, na alikuwa na wiki mbili hotelini. Asiya akamweleza kwamba mama yake amevimba miguu na moyo umechoka. Jibu lake mlisikie kama lilivyoletwa:

"Mama Asiya, ile njia ya Rumonge iko na vumbi mubaya. Nitakuja mara ingine."

Ni vumbi hilohilo alilochezea utotoni. Nimetafuta neno la heshima la kuliita jambo hili, nimelikosa.

Dada alisikiliza yote mpaka Asiya alipoaga. Ndipo akamwambia Esperance: "Elfu sita aliziweza. Sabini na tano zikamushinda." Tangu siku ile hakumtetea tena, na chakula alikigusa tu. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Machi 1972, mikononi mwa Esperance.

Jana imefika telegramu. Bahizire anaomba tumngoje, atakuja na ndege ya Alhamisi, kwa kuwa udongo wa kwanza hutupwa na kifungua mimba. Ni kweli, ndiyo desturi yetu, na wazee wengine walitaka tungoje. Lakini Dada alikwisha kuniita kitandani kwake.

"Musimungoje," aliniambia. "Hakukuja nikiwa na macho. Sasa atakuja kuona nini?"

Basi hatungoji.

Ameacha binti yake Esperance, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na Asiya aliyekuwa zaidi ya jirani. Ameacha pia Bahizire, wa Bruseli. Mungu ampe Dada Anastasie pumziko lisilo na kungoja.

Esperance, mwanangu, sogea. Tupa wewe udongo.