Wasifu wa Dkt. Mutuma Kiambi, Aliyechagua Rangi za Mwanga

Dkt. Mutuma Kiambi alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 nje kidogo ya mji wa Maua, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kiambi, mfanyabiashara wa miraa, na Mama Celina, ambaye tuko naye hapa. Alisoma shule za karibu na nyumbani, kisha fizikia Nairobi, na mwaka 2006 akahitimu shahada ya uzamivu ng'ambo. Hakuwa mtu wa kubembeleza watu. Aliwadharau waongo na wavivu waziwazi, na familia imeona afadhali kulisema hilo kuliko kumpamba kwa uongo mbele ya jeneza lake.

Tarehe 11 Agosti 2007 alifunga ndoa na Bi. Gladwell kanisani Runyenjes, wakaweka makao Majimbo, Embu. Mwaka uo huo aliajiriwa katika kituo kidogo cha utafiti karibu na Karurumo, akaunda mashine ya leza kwa mikono yake. Mmweko wenye nguvu wa rangi moja hukutana ndani ya fuwele na mmweko dhaifu wenye rangi nyingi, na ule mkubwa huupa ule mdogo nguvu zake. Ukiigeuza fuwele kidogo tu, unachagua rangi ipi ikue. Lakini lazima mimweko yote miwili ifike pamoja. Mmoja ukichelewa, hupati kitu. Kwa mimweko hiyo mifupi mno alichunguza jinsi jani linavyopokea jua, na jani la kwanza, la mmea wa miraa, alilitoa kwao.

"Mutuma, umesoma miaka yote hiyo ukuje kumulikia miraa tochi?" Mama alimuuliza.

"Ee, mama. Na inazima kabla uione," akajibu, wakacheka hadi chai ikapoa.

Kituoni hakukuwa na kicheko. Mkurugenzi, Profesa Marete, hakukaa na mashine ile hata asubuhi moja, ila jina lake lilitangulia katika kila makala. Mwaka 2019, wageni wakubwa walipotarajiwa, aliamuru kila kitu kipanguswe kwa maji na sabuni, fuwele ikiwemo. Fuwele ile haivumilii hata ukungu wa Embu. Ikafifia, mwanga haukutoka, na wageni wakaonyeshwa ukuta mtupu. Bi. Joyline Kathure, mtafiti mwenzake Mutuma, aliwaambia wageni ni nani aliyetoa amri hiyo. Wiki iliyofuata Profesa alimhamishia maktaba. Mtu pekee aliyeijua mashine sawa na Mutuma, na mkubwa mzima akaona anafaa kupanga vitabu!

Oktoba 2024 Mutuma alipatikana na saratani ya koo. Januari mashine, ambayo Mutuma alikuwa ameiwekea fuwele mpya, iligoma, na hapo ndipo Profesa alipoikumbuka njia ya hospitali. Alikuja na mfuko wa matunda kwa mtu asiyeweza kumeza.

"Daktari, hii mashine ni yetu sisi wawili," alisema. "Niambie tu, hiyo kitu unageuzanga aje ndio rangi ikuje?"

Mutuma alimtazama juu mpaka chini. Kisha akanong'ona, "Muulize Joyline."

Profesa akajifanya hakusikia, akaaga. Mutuma alifariki tarehe 2 Februari 2025. Kifo hakikumtisha. Alichohofia, na alimwambia mkewe hivyo, ni kazi yake yote kufungiwa chumbani ioze kwa sababu mtu mmoja anaona aibu kuuliza.

Ameacha mjane, Bi. Gladwell, watoto wao, Kiende na Murungi, mama yake na ndugu wawili. Ameacha pia mashine isiyowaka. Profesa Marete, wewe umewekewa kiti cha mbele, na hotuba unayo mfukoni. Bi. Joyline yuko nyuma ya hema, anasaidia kupakua chakula. Inuka uende ukamuulize, sisi sote tukisikia.

Mungu ampe Mutuma pumziko la amani. Udongo hautamwagwa mpaka wewe urudi.