Fundi wa Lifti na Mshonaji wa Ghorofa ya Saba

Fundi tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi, miaka ishirini na miwili kabla ya dunia kwisha, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, muuza balbu. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watatu.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi, akahitimu utengenezaji wa lifti mwezi wa Novemba. Umeme ulizimika dunia nzima Januari iliyofuata. Wenzake walimtania kwamba kazi yake ilikufa kabla hajanunua bisibisi. Dada zake wawili hawakuuvuka mwaka huo, na hakupenda kuulizwa habari zao.

Alihamia jengo letu akiwa na mkoba wa vifaa. Kila Ijumaa alipanda hadi ghorofa ya saba kuipaka mafuta lifti isiyotembea. Huko aliishi mshonaji, mjane mwenye binti mdogo na mama mzazi. Mshonaji alimwacha apake miezi kadhaa, ndipo akamkumbusha kwamba lifti haina umeme.

“Ndiyo maana inahitaji mafuta zaidi,” fundi alijibu, bila kumtazama.

Mwaka wa tatu tangu umeme uzimike alifunga winchi ya kuzungusha kwa mkono huko chini, akaweka kanuni. Wazungushaji wangepumzika katikati ya safari, na wasingeendelea mpaka bomba la maji linalopita ghorofa zote lipigwe nyundo kutoka juu. Kelele za abiria zisisikilizwe, kwa kuwa mwenye hofu husema lolote. Mpiga nyundo alikuwa mshonaji.

Siku ya kwanza fundi alimkaribisha mshonaji washuke pamoja kutoka ghorofa ya saba. Walipofika kati ya ghorofa ya tano na ya nne, wazungushaji walipumzika. Ndipo wote wawili wakakumbuka kwamba mpiga nyundo yumo ndani. Walipiga kelele wee. Chini, watu walitii kanuni.

“Nilikuwa na jambo la kukuuliza,” fundi alisema hatimaye, “ila si humu.”

“Uliza tu, fundi. Nitakimbilia wapi?”

Mshonaji alikuwa ameshakubali posa pale mama yake, aliyeamshwa usingizini na zile kelele, alipolipiga bomba kwa hasira ili wanyamaze. Lifti ikashuka. Mpaka leo bibi huyo husema yeye ndiye aliyewaozesha.

Walifunga ndoa tarehe 2 Agosti, mwaka wa nne. Mapumziko ya katikati yalifutwa, na nyundo ikawa ishara ya kuanza safari. Tangu hapo, kila mkewe aliposhuka, fundi alipiga bomba mwenyewe, akatimua mbio kwenye ngazi, akawahi kumfungulia mlango huku akihema: “Karibu chini, mama.”

Miaka miwili iliyopita moyo wake ulianza kuchoka. Muuguzi wa ghorofa ya pili alimkataza ngazi, alitii nusunusu. Dawa aliyohitaji ilikuwa na jina, na muuguzi alilijua. Hakukuwa na mtu wa kuitengeneza tena. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni, mwaka wa kumi na tisa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Aliomba jambo moja: asibebwe kwenye ngazi.

Asubuhi ya leo jeneza liliingizwa kwenye lifti, mlango ukafungwa. Mjane alinyanyua nyundo, na nyundo ikabaki hewani. Asingepiga, mumewe angebaki ghorofa ya saba. Chini, watu walishika winchi wakasubiri, hakuna aliyemhimiza.

Kisha akapiga. Akaitupa nyundo, akakamata gauni, na walio chini wakasikia viatu vyake vikishuka ghorofa baada ya ghorofa. Lifti ilipotua, mkono uliofungua mlango ulikuwa wake. Alikuwa akihema.

“Karibu chini, baba,” alisema.

Marehemu ameacha mjane, binti aliyemlea kama wa kumzaa, mama mkwe ambaye hajawahi kuiamini lifti, na jengo zima la majirani.

Apumzike sasa. Ameshafika.