Kikohozi cha Mkaanga Korosho

Mimi si kama vijana wengine wa Kibiti, sisikilizi mazungumzo ya watu. Ndiyo maana kipindi kile cha korona, kwenye gari la abiria aina ya Noah la kwenda Mtunda, nilivaa hedifoni zangu nikatazama nje.

Mbele yangu mama mmoja, Bi Rukaya, mwenye banda la kubangulia korosho, alikuwa akimsimulia mzee aliyevalia barakoa kidevuni. "Twalibu, mkaangaji wangu, alikohoa. Nikamfukuza papo hapo. Nina wengine wa kuwalinda, baba."

"Alipimwa?"

"Kikohozi nakijua!"

"Mwanangu, mtu anakula moshi wa korosho kutwa, asikohoe? Na hata angekuwa mgonjwa, mgonjwa hupewa likizo, hafukuzwi. Akikushtaki utajibu nini?"

Bi Rukaya akashusha sauti, nami, kwa bahati tu, nikainama mbele. "Ndiyo namfuata nimrudishe. Nilimweka shemeji yangu mahali pake, hata adhuhuri haijafika naye anakohoa."

"Ukamfukuza?"

"Shemeji? Nyumbani nitalala wapi?"

"Basi kamwombe Twalibu radhi."

"Bosi aombe radhi? Nitamwambia ile ilikuwa likizo, yeye ndiye hakunielewa."

Kicheko kikanipalia, nikakohoa. Bi Rukaya akaziba pua kwa ushungi. "Dereva, simama! Mshushe huyu!"

"Umeshaanza tena," mzee akasema.

Gari likasimama, maana tulishafika Mtunda. Bibi niliyekaa naye akanitazama. "Mwacheni, mzima huyo. Anawacheka. Tangu Kibiti waya wa hedifoni zake haujachomekwa kwenye simu."