Kozi Thelathini na Tisa za Peris Mwelu Maundu

Picha iliyo mbele ya ratiba hii ilipigwa na binti yake jikoni, Katelembo, mwezi wa kwanza mwaka huu. Mwelu amevaa sweta ya kijani, miwani imemshuka puani, na mbele yake kuna daftari. Hajavaa joho. Wengi wenu mlitarajia joho, kwa kuwa siku hizi ratiba ya mazishi ya mtu aliyepitia chuo kikuu haikosi joho, na wapo wapiga picha mjini Machakos watakaomvika yeyote kwa kompyuta kabla hujamaliza soda. Mwelu hakuhitimu. Alisoma Kihispania kwa miaka sita na nusu, akapita kozi thelathini na tisa kati ya arobaini, na mauti yakamkuta angali mwanafunzi. Aliomba mambo mawili: asizikwe na kitu ambacho hakukipata, wala asinyang'anywe alichokipata. Wasifu huu umeandikwa kwa masharti hayo.

Alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1978, huko Ndithini, upande wa Masinga, mtoto wa nne wa marehemu Mutunga Wambua na mama yetu Syokimau Mutunga, aliyeketi hapa mbele. Ilikuwa nyumba ya ndengu, mbaazi na mvua isiyotabirika. Mama husema kwamba Mwelu alichelewa kuongea, na alipoanza, alianza kwa kukataa.

Alisoma shule ya msingi na ya upili huko huko Ndithini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1992 na wa kidato cha nne mwaka 1996. Alipata C+. Alama hiyo ilimfikisha kwenye mlango wa chuo kikuu, lakini waliosomeshwa na serikali walitakiwa kuwa na zaidi, na nyumbani kulikuwa na wengine watano. Alienda Machakos mjini, akajifunza kupiga chapa kwa mwaka mmoja. Hakulalamika. Ila cheti cha kidato cha nne hakukitia kwenye fremu kama wenzake walivyofanya. Alikiweka ndani ya bahasha, akasema bado kina kazi.

Machi 1999 aliajiriwa kwenye machimbo ya mawe Lukenya, karani wa stoo ya vifaa. Alitoa glavu, misumeno na mafuta ya mashine, na alikaa pale miaka ishirini na minne. Mwaka 2006 ililetwa mashine ya kukatia mawe kutoka Uhispania, pamoja na kitabu chake cha maelezo, kurasa sitini na moja, zote kwa Kihispania. Fundi wa kuja kueleza hakuja. Kitabu kikawekwa kwenye rafu ya Mwelu, na kwa miaka kumi alikipangusa vumbi kila Jumamosi bila kujua kinasema nini. Mwaka 2016 mashine hiyo ilimkata Nderitu, jirani yake wa kazi, vidole viwili vya mkono wa kulia. Yuko hapa leo, ameubeba msalaba.

Aliolewa na Henry Maundu, fundi wa pampu za maji, Jumamosi tarehe 15 Desemba 2001, wakajenga hapa Katelembo. Mungu akawajalia Mumo mwaka 2003 na Nzilani mwaka 2006. Henry ni mtu wa maneno machache, na ndoa ile ilikaa vizuri kwa sababu Mwelu alitumia yaliyobaki.

Septemba 2018, akiwa na miaka arobaini, alichukua ile bahasha akaenda kujiandikisha chuo kikuu Nairobi, masomo ya jioni na ya Jumamosi. Kijana wa dawati la usajili alimtazama, akamsogezea fomu nyingine.

"Mama, watu wa rika lako tunawapeleka maendeleo ya jamii. Ni rahisi, na utapata kazi kwa kaunti."

"Niko na kazi. Nataka Kihispania."

"Kihispania ni cha kufanya nini, mama?"

"Ni cha kusoma."

Jibu hilo alilirudia kwa miaka sita. Aliwajibu hivyo wifi zake, akamjibu padre, akatujibu na sisi ndugu zake, tuliomuuliza kwa sauti ambayo leo tunaionea haya. Tulidhani anakimbia kitu. Hatukuwahi kumuuliza anasoma nini hasa. Sasa madaftari yake yako mikononi mwetu, kumi na saba, na yafuatayo yametoka humo.

Fonetiki alianguka. Tunaliandika kwa sababu yeye mwenyewe aliliandika, kwenye jalada, kwa herufi kubwa: D, NARUDIA. Sisi tuliokulia Kikamba, r hutupa shida hata kwa Kiswahili, na ile ya Kihispania hutaka ulimi utetemeke kama ngozi ya ngoma. Alijizoeza akikamua ng'ombe, akichagua maharagwe, akianika nguo. Siku moja Henry alitoka nje na spana mkononi.

"Mama Mumo, hiyo pikipiki yako itawaka lini nikusaidie kuisukuma?"

"Ngoja, baba. Ni plagi tu imechafuka."

Iliwaka muhula uliofuata. Alipata B, na ng'ombe, kwa maneno yake, alipata pumziko.

Katika mwaka wa pili, kwenye kozi ya kusoma na kufahamu, alikichukua kile kitabu cha rafuni akaenda nacho darasani. Ukurasa wa tisa, ndani ya mstatili wenye mpaka mweusi, alisoma onyo. Jumatatu alimfuata Nderitu penye mashine. Nderitu mwenyewe ametueleza walivyoongea, na ametaka yasomwe.

"Nderitu, ilikuwa imeandikwa."

"Imeandikwa nini?"

"Ukizima, usiguse. Msumeno huzunguka dakika moja nzima kabla ya kusimama, hata kama husikii sauti."

"Dakika moja?"

"Moja."

Nderitu anasema alikaa juu ya jiwe kidogo. Kisha akacheka, akainua mkono wake. "Basi wasomee hawa wengine, Mama Mumo. Mimi nimeshafanya huo mtihani."

Kutokana na hayo alichagua kazi yake ya kozi ya Tafsiri ya Kitaalamu. Alikitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, akiwauliza wakataji majina wanayotumia wao kwa kila kipande. Alipata A. Nakala imegongwa misumari ukutani pale Lukenya, na hakuna aliyeumizwa na mashine ile tangu hapo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na wapo waliotushauri tuishie hapo, tuseme alisoma Kihispania ili aokoe vidole vya watu. Angekasirika. Kitabu cha mashine kilikuwa kozi moja. Zilizobaki alizisoma kwa sababu alizitaka, na kutaka kulimtosha.

Historia ya Amerika ya Kilatini ilimkosesha usingizi. Humo alikutana na mlima wa madini ya fedha wa Potosí, na wachimbaji waliolazimishwa kushuka ndani yake kwa zamu, wengi wasirudi. Akawasimulia wakataji wakati wa chakula cha mchana, siku tatu mfululizo, nao wakawa wanakula polepole. Siku ya nne meneja akamwita.

"Mama, unafundisha watu wangu nini?"

"Historia. Ni kozi. Kuna mtihani Ijumaa."

"Na wao wanafanya mtihani?"

"Bado wanadurusu."

Hakufukuzwa. Alihamishwa kutoka stoo kwa miezi miwili akakae getini, akawasimulia madereva wa malori.

Kwenye daftari la Isimu aliandika pembeni: "Kumbe kila lugha ina kona ambayo nyingine haina taa ya kuimulika." Kwenye la Fasihi ya Enzi ya Kati aliandika "inachosha" mara nne, kisha, chini ya ukurasa wa mwisho, "lakini nimemaliza." Kozi ya takwimu, ambayo chuo kililazimisha kila mtu, aliipita kwa alama arobaini na moja, akanunua keki.

Novemba 2023 ugali ulianza kumkwama kooni. Vipimo vilionyesha saratani ya umio. Alitibiwa Machakos na Nairobi mwaka mzima, akaacha kazi, hakuacha chuo. Sauti ilianza kumpotea Julai 2024, mwezi ule ule aliotakiwa kufanya mtihani wa Mazungumzo. Mwalimu wake, Daktari Gatimu, alimwambia anaweza kuandikiwa barua ya kusamehewa. Mwelu aliandika kwenye karatasi: "Kozi hii inaitwa Mazungumzo." Gatimu akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, naye Mwelu akazungumza Kihispania kwa kunong'ona dakika ishirini na tano, juu ya mvua ya Ndithini. Alipata B+.

Januari mwaka huu daktari wa hospitali alituambia imebaki miezi michache. Mwelu alikuwa na kozi moja tu, Ushairi. Nzilani alijaribu kumzuia.

"Mwaitu, pumzika sasa. Mama, tafadhali."

"Muhula ni miezi mitatu na nusu," alinong'ona. "Nisajili. Mungu akiwa na haraka, ni yeye."

Aliwasilisha insha yake Jumatano tarehe 5 Machi, wiki ya nane ya muhula, mtihani wa mwisho ukiwa bado. Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, Henry akimshika mkono, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Kamati ya mazishi ilipokutana, mwenyekiti wetu Mzee Mutiso, ambaye amefanya kazi kubwa na tunamshukuru, alishauri joho. Amekubali tuyaseme hapa.

"Imebaki kozi moja tu. Nani atahesabu? Tumvike, tuandike mhitimu. Miaka sita watu wa hapa wamesema anazunguka bure. Mnataka tuwathibitishie?"

Nzilani akasimama. "Mkimvika, mimi nitasimama kaburini niseme ni uongo. Mbele ya padre."

"Msichana, unaongea na wazee."

"Naongea kama mama yangu."

Ndipo Henry, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumapili, akasema, "Aandikwe alivyokuwa. Na kozi zake zisomwe." Mzee Mutiso alikuna kidevu. "Zikisomwa zote arobaini, watu watalala." "Thelathini na tisa," Henry akasema. "Na wakilala, waamshwe."

Kwa hiyo orodha nzima imechapishwa nyuma ya ratiba hii, pamoja na alama, pamoja na ile D. Anayetaka kuuliza Kihispania kilikuwa cha kufanya nini, aisome kwanza.

Ameacha mama yake, Syokimau. Mume wake, Henry Maundu. Watoto wake, Mumo na Nzilani. Kaka wawili na dada watatu, mmoja wao akiwa msomaji wa wasifu huu. Wakataji wa mawe wa Lukenya. Na darasa la watu kumi na wanne, wengi wao wa umri wa watoto wake, waliokuja kwa basi leo na kusimama pale nyuma.

Insha yake ilirudi Jumanne. Tulimwomba Daktari Gatimu, kwa udhaifu wetu, aangalie kama anaweza kuisahihisha kwa huruma. Alitutazama kama watu waliomtukana mwanafunzi wake. Imerudi na makosa kumi na moja kwa kalamu nyekundu, alama sitini na nne, na chini yake, kwa Kihispania, sentensi ambayo hakuna yeyote katika familia hii aliyeweza kuisoma. Tulikaa nayo mezani, tukipokezana. Kisha Nzilani akaenda chumbani kwa mama yake akarudi na kamusi.

Peris Mwelu Maundu, mwanafunzi. Udongo wa Katelembo umpokee alivyo, na Mungu ampe pumziko ambalo hakuliomba.