Barua ya Jumapili Niliyoificha

Kaeni karibu, Walter na Teresa, mfunge hiyo redio, maana pumzi niliyo nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nitasema kwa Kiswahili kama tulivyozoea, kwa kuwa mama yenu alikuwa Mjaluo nami Mkisii, na nyumba hii haikuwahi kuwa na lugha nyingine ya kugombania wala ya kupatania.

Mali si nyingi. Duka la viatu hapa Migori ni la Teresa, aliyelikalia nilipougua. Shamba la Suneka ni la Walter, na mpaka wake na ndugu yangu Nyangau ni ule mkuyu, hata akiwaapia vingine. Nyangau nimemsamehe, ila msimwamini na kamba ya kupimia.

Sasa nisikilizeni, na wewe Walter usinikatize.

Mnakumbuka mwaka wa tisini na tatu, nikiwa katibu wa Oruba Rovers. Katika daraja la pili, kanda yetu ilipandisha timu moja tu. Wa pili alirudi nyumbani kuhesabu mbu. Ilibaki mechi moja, kule Homa Bay, na tulikuwa tumewazidi wenyeji pointi moja, kwa hiyo sare ingetupandisha. Ilipangwa Jumamosi. Golikipa wetu Javan Onchiri ni Msabato, na Msabato wa kweli hadaki mpira siku ya Sabato hata umwekee ng'ombe mlangoni. Wanachama wakaniagiza niiandikie ofisi ya ligi kuomba Jumapili. Niliandika. Nikawaambia baadaye kwamba ofisi imetunyamazia.

Wanangu, ofisi ilijibu. Ilisema Homa Bay wamekubali Jumapili, katibu athibitishe kabla ya Jumatano. Barua hiyo niliisoma nimesimama dukani, nikaikunja, nikaitia ndani ya kiatu cha kushoto kisichokuwa na mwenzake, na Jumatano ikapita nikiwauzia watu malapa.

Kwa nini? Kwa sababu golikipa wa akiba alikuwa wewe, Walter. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu wa timu moja ya kampuni, Nairobi, atakuja kutazama, na siku zile golikipa aliyependeza alipewa glavu na kazi kwa pamoja. Nilitaka akuone wewe. Nilijua Javan ni bora kuliko wewe. Nisamehe, lakini nilijua, na kocha Omondi alijua, na nadhani hata wewe ulijua.

Tulifungwa mawili kwa moja. La pili lilikupita katikati ya miguu, nami nilikuwa nyuma ya lango hilohilo, nikaona uso wako. Tangu siku hiyo hukugusa mpira. Wakapanda wao. Na mji mzima, badala ya kukulaumu wewe au mimi, ukamgeukia Javan: ati alikuwa kanisani akiimba huku timu ikizikwa. Wakakataa kumpelekea baiskeli zao atengeneze. Wakamzomea mkewe Nyamusi sokoni mpaka yeye na mumewe wakahamia kisiwa cha Mfangano kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Neno langu moja lingewanyamazisha wote. Sikulisema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Ni matanga ya mama yenu, mwaka juzi. Javan alivuka ziwa, akaja na kilo mbili za sukari na kofia mkononi, na wewe Walter ukamsimamisha pale kwenye lango mbele ya watu, ukamwambia, "Ulitutupa, hapa huzikani na sisi." Nani katika ukoo wetu amewahi kumfukuza mtu kilioni? Hata mwizi huachwa alie. Nilikuwa kwenye kiti, hatua kumi tu. Uliniangalia kama unayeuliza ruhusa, nami nikatazama chini. Hilo kosa si lako, baba. Ulimchukia kwa uongo wangu.

Teresa, nipe maji... Hapo, inatosha.

Nilifikiria kumwachia Javan ng'ombe, nikaona nitakuwa nanunua kimya chake. Msimpe kitu. Mpeni ukweli. Barua imo katika Biblia ya mama yenu. Siku ya kunizika watasimama mmoja mmoja kunisifu, maana marehemu hasemwi vibaya. Mimi nataka nisemwe. Teresa, uisome kabla jeneza halijashuka, sauti yako ifike barabarani. Mkiona haya, kumbukeni kwamba mficha uchi hazai.

Na wewe Walter, usitume mtu. Vuka mwenyewe mpaka Mfangano, nenda ukamwambie Javan aje kunizika. Akikataa ni haki yake. Akija, apewe... apewe udongo wa kwanza autupe yeye, kabla yako.

Walter? Mbona umesimama? Mwache, Teresa, usimshike. Ana haki ya kutoka. Ningekuwa na miguu ningetoka naye.

Basi nawabariki nikiwa na sauti bado. Teresa, Mungu akulinde, usiwe na la kuficha. Walter, mwanangu, najua uko hapo nje ya dirisha, nasikia unavyopumua. Mungu akupe... watoto wasiokuonea haya. Akupe rafiki. Huna haja ya kuitikia amina. Mimi sistahili. Nenda tu, baba. Boti ya Mfangano... uliza pale Mbita. Nenda leo, nikingali... nenda.