Kumwaga Meka Kabla Mgeni Hajaingia

Ndugu zangu wa chama, msishangae nikicheka kabla sijaanza. Mnanijua kama mtu wa treni: Likasi, Kolwezi, nyumbani, kisha kwaheri tena. Nikiwa mbali naililia Kamina. Nikifika Kamina, naililia njia.

Safari hii nilirudi na kompyuta moja kubwa, ile iliyo katika chumba mlichonipa nyuma ya soko. Ndani yake nimeweka programu inayoigawa, mashine moja ikawa mwenyeji wa mashine wageni. Mgeni mmoja ni wa shule, mwingine ni wa akina mama wa kambi ya jeshi wanaojifunza kuchapa. Wanapokezana haraka sana, na kila mmoja anaona nyumba yote ni yake.

Lakini ilikuwa nzito. Nikawasha kipimo kilichomo ndani ya prosesa, kinachoandika kwenye kumbukumbu ni kazi gani inakula muda. Nawaambia, hapo ndipo nilipojiletea balaa! Mgeni wa akina mama akaanza kuanguka, akikata ghafla katikati ya kazi, na walichokichapa kikageuka takataka.

Mke mmoja wa askari akaniita mbele ya wenzake.

"Kaka, machini yako iko na malaria?"

"Kesho itapona, Mama."

"Kesho gani? Ile ya weye kupanda treni? Kazi yetu ikipotea tena, batu bote tunaenda."

Wakiondoka wao, chumba kinafungwa. Nikaandika amri ya kuzima kipimo kila mgeni anapoingia. Kikazimika kweli, na mgeni akaanguka vilevile. Basi nikafunga mfuko wangu, nikaenda kumuaga mama yangu.

Nilimkuta mlangoni akipima unga wa kuuza.

"Simama kwanza, tata, mwana wangu."

Akaacha kupima. Akamwaga guniani unga uliokuwa ndani ya meka, lile kopo lake la kupimia, akaigonga, akaipindua chini. Ndipo akasema, "Sasa ingia."

"Mama, minyi si mugeni."

"Mutu wa mufuko ku mukono iko mugeni. Na mugeni haingie unga ikingali mu meka. Atasema tunamupimia chakula."

"Lakini ulikuwa umeisha kuacha kupima."

"Ndiyo, njo vile. Na ile yenye kubakia ndani, itamwangika juu ya nani?"

Ndugu zangu, nilimkumbatia mpaka akanitukana! Kipimo nilikuwa nimekizima, ila maandishi yake ya mwisho yalikuwa bado njiani. Mgeni anaingia, kumbukumbu inakuwa yake, na yale maandishi yanamwagikia yeye. Nikarudi mbio. Sasa kipimo kikizimwa, mashine inangoja kwanza kimwage upande wa mwenyeji kila kilichobeba, ndipo mgeni anaitwa. Mgeni akitoka, kipimo kinarudishwa kama kilivyokuwa.

Akina mama walichapa asubuhi nzima, hakuna kilichoanguka. Yule mke wa askari akaniita tena.

"Malaria imeisha?"

"Imeisha, Mama."

"Basi leta chai, docteur!"

Nawashukuru wao kwa kurudi kwenye viti vyao, nanyi mlionipa chumba na sola. Somo langu ni dogo: kuacha jambo si kulimaliza. Mimi mwenyewe kila mara niliingia Kamina nikiwa bado nimejaa Kolwezi, na nyumbani mliishia kumwagikiwa.

Leo nimemwaga. Mfuko wangu mama ameuchukua, anatilia unga. Mkisikia treni inapiga honi, tulieni: sina cha kubebea nguo.